Mfereji wa Siméon

Ukimwuliza mtu yeyote wa kile kitongoji cha upande wa Kabungu, huku Mpanda, ni nani anajua kushika jembe, atakuonyesha nyumba ya Siméon kabla hujamaliza swali. Mwenyewe alijua kwamba anajulikana, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Mtu akisifiwa sana kwa jambo moja, huanza kuliona jambo hilo kila mahali. Siméon alikuwa anaona mifereji. Akipita kwenye bonde lolote, hata akiwa njiani kwenda msibani, macho yake yalipima maji yanataka kuelekea wapi na yeye ayasaidie vipi yafike haraka.

Alizaliwa kusini mwa Burundi, mahali ambapo vilima vimesongamana mpaka bonde linakosa nafasi ya kujinyoosha. Kwao watu hulima mlimani wakati wa mvua, na kiangazi kikifika huteremka chini kwenye mwonga, yaani bonde lenye tope, wakachimba mifereji ya kupunguza maji na kupanda maharage juu ya matuta. Baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo. Siméon alipokuwa na miaka kumi na miwili alishaweza kuchimba mfereji ulionyooka bila kamba. Na maji ya mwonga wao hayakuwahi kuisha, maana kule mvua inanyesha karibu miezi tisa kwa mwaka, na chemchemi zinatiririka bila kubembelezwa.

Mauaji ya mwaka sabini na mbili yalimkuta ana miaka ishirini na miwili. Alivuka kuja Tanzania akiwa na ndugu wawili na nguo alizovaa. Baba yake hakuvuka.

Mwaka uliofuata alimwoa Spès, binti aliyetoka vilima vya jirani na vya kwao, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Wakafyeka msitu wa miombo, wakapanda mahindi na mihogo juu, kwenye udongo mwekundu. Wakapata watoto watano. Wa kwanza Aurélie, na tangu hapo wakawa Baba Aurélie na Mama Aurélie kwa watu wote. Kwa zaidi ya miaka ishirini Siméon hakugusa lile bonde pana lililokuwa chini ya shamba lake, ingawa mikono ilimwasha. Sababu yake ilikuwa moja: alikuwa mpita njia. Mtu hachimbi mfereji kwenye nchi anayopita.

Kisha ukaja mwaka tisini na tatu. Katikati ya mwaka redio zilileta habari njema za uchaguzi kutoka Burundi, na nyumba nyingi zikaanza kufunga mizigo. Siméon alifunga yake mapema kuliko wengine. Mwezi wa kumi redio hizohizo zikaleta habari nyingine, kwamba rais mpya ameuawa, na barabarani wakaanza kuonekana watu wapya waliokuwa wanakimbia, wanakuja huku ambako wenzao walikuwa wanajiandaa kuondoka. Spès alifungua mizigo, akarudisha sufuria mahali pake. Siméon akaamua kwamba kama kwao hapafikiki, atapajenga hapahapa. Na kwao, katika mawazo yake, palikuwa ni mwonga, mfereji, na maharage ya kiangazi.

Mwezi wa sita mwaka tisini na tano akachukua jembe akateremka mbugani.

Wenyeji waliliita bonde lile mbuga, nao walikuwa na mambo yao huko. Walikata majani ya kuezekea, walifukua kambale waliojizika kwenye tope kiangazi, na kule mwisho, chini ya mkuyu mkubwa, palikuwa na chemchemi ambayo kitongoji kizima kilichota maji. Katikati ya mbuga hakuna aliyelima. Majani yalisimama mpaka kiunoni, mabichi hata mwezi wa tisa, na chini yake udongo mweusi ulikuwa laini kiasi kwamba ukikanyaga, maji yanatoka kati ya vidole vya miguu. Siméon aliona ardhi yenye rutuba imelala bure, na watu wavivu wamekaa kando yake. Nasema hivi wazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alikuja kusema wazi.

Alichimba siku kumi na nane. Mfereji wa katikati, kina cha mtu mzima mpaka kifuani, ukafuata mteremko mpaka ukatoboa ukingo wa chini na kumwaga maji korongoni, hatua mia mbili pembeni ya mkuyu. Siku maji yalipoanza kukimbia, Siméon alisimama pale akalia. Si jambo la kumficha mtu. Alikuwa ameisikia sauti ile mara ya mwisho akiwa na baba yake.

Siku chache baadaye alipita Yotham, Mkonongo wa kutoka Inyonga aliyekuwa ameoa huku, mrina asali. Alikuwa na mizinga yake ya magome ameitundika kwenye miti kandokando ya mbuga. Akaegemeza baiskeli, akautazama mfereji.

"Mzee, sasa nyuki watakunywa wapi?"

Siméon alicheka. "Nyuki wako wana mabawa, Yotham. Watatafuta."

"Watatafuta," Yotham akakubali, akapanda baiskeli yake.

Maharage yalitoka kama yaliyotumwa. Mwezi wa tisa, wakati mashamba ya juu yamekauka na ng'ombe wanalamba vumbi, matuta ya Siméon yalikuwa ya kijani. Bwana shamba alikuja, akaleta wageni, akawaambia wamtazame mkulima wa mfano. Watu walipata maharage mabichi msimu ambao hawajawahi kuyaona. Donatille, mjane aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wanawake wote wa kitongoji, alikuja na kikapu, akajazwa bure, akasema Mungu ambariki. Siku hizo hakuna aliyeuliza maji yanaenda wapi. Shibe ina tabia ya kuziba masikio.

Mwaka wa pili, Claude, jirani yake na kijana aliyemheshimu kama kaka mkubwa, akaomba afundishwe. Wakachimba matawi mawili, kushoto na kulia, yakiingia kwenye mfereji mkubwa. Mwaka huo chemchemi ya mkuyu iliteremka kidogo mwezi wa kumi, ndoo ikawa haizami, ikabidi watu wachote kwa kopo. Siméon alipoambiwa, alisema mvua ilikuwa chache. Ni kweli ilikuwa chache. Mtu anayejitetea kwa jambo la kweli ni mgumu sana kumbishia.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hakuyataja, ingawa aliyaona. Vyura walikuwa wamenyamaza. Zamani ukikaa mlangoni jioni ya mvua za kwanza, kelele zao zilikulazimisha kupaza sauti; sasa mliweza kunong'onezana. Ndege korongo wenye taji hawakutua tena. Udongo mweusi kandokando ya mfereji ulianza kupasuka nyufa za kuingia mkono, na jembe lilipogonga hapo lilitoa mlio wa kugonga tofali. Maharage ya mwaka wa pili yalikuwa nusu ya yale ya kwanza. Siméon akaongeza kina cha mfereji, akifikiri maji yamejificha chini na yanahitaji kufuatwa.

Mwaka tisini na saba, mwezi wa nane, moto ulitoka ng'ambo. Kila mwaka moto hutoka ng'ambo. Warina asali na wawindaji hawakosekani, na upepo wa mwezi wa nane unajulikana. Kila mwaka ulifika kwenye mbuga, ukakutana na majani mabichi na tope, ukafa wenyewe huku watu wanautazama kwa mbali. Safari hii ulifika, ukakuta majani makavu mpaka mzizini, ukaendelea. Ulivuka mbuga kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kuvuka kwa miguu. Watu waliupiga kwa matawi mpaka ukazimika karibu kabisa na nyumba. Lakini kule mbugani haukuzimika. Uliingia ardhini, kwenye mizizi iliyokauka, na kwa siku nne udongo wenyewe ulikuwa unafuka moshi.

Yotham alipoteza mizinga kumi na mitatu. Siméon alimkuta amesimama kando ya mfereji, ameshika kipande cha gome lililoungua.

"Pole, Yotham."

"Moto haujawahi kuvuka hapa," Yotham akasema. "Tangu nimefika, na baba mkwe wangu anasema tangu azaliwe yeye."

"Mvua mwaka huu ilikuwa chache."

"Chache zimewahi kuwa, mzee."

Akalitupa lile gome kwenye mfereji, akaondoka. Hakuwa amemgombeza, na Siméon alitamani angemgombeza, apate pa kujibia.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa kumi, mchana, na Siméon alikuwa na njaa. Alirudi kutoka shamba la juu akakuta jiko baridi. Jana yake pia chakula kilichelewa, na juzi. Spès aliondoka na ndoo asubuhi na mapema na sasa jua lilikuwa utosini. Siméon, mume wa miaka ishirini na minne ambaye hajawahi kukosa ugali mchana ila kwa msiba, akaamua kwenda kumwuliza mke wake kulikoni.

Chini ya mkuyu palikuwa na foleni ya wanawake wasiopungua ishirini na watano. Chemchemi ilikuwa imebaki shimo. Donatille alikuwa amechuchumaa ndani yake, anangoja maji yajikusanye, anachota kikombe, anamimina, anangoja tena. Spès alikuwa wa mwisho kabisa, amekaa juu ya ndoo yake aliyoipindua, mikono magotini. Wakati Siméon anakaribia, akaja msichana mmoja na dumu, akampita Spès bila kumtazama, akasimama mbele yake. Spès akasogeza ndoo yake nyuma kidogo kumpa nafasi.

Siméon akasimama. Akaja mama mwingine, Nyamizi, akafanya vilevile.

"Mbona mke wangu anapitwa?" Siméon akauliza.

Donatille hakuinua kichwa.

"Mzee Siméon, umepotea njia? Maharage yako yako kule juu."

"Nimeuliza swali."

"Na mimi nakujibu. Tumekubaliana nyumba ya mfereji ichote mwisho. Leo siku ya tisa. Anayemwaga maji hawezi kuyapata sawa na asiyemwaga. Kama tumekosea, tuambie."

Siméon alitaka kusema juu ya mvua. Lakini Spès alikuwa anamtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yake, wala lawama. Kulikuwa na uchovu tu, na uchovu ule ulimchoma kuliko maneno ya Donatille.

"Twende nyumbani, Mama Aurélie," akasema.

"Tukapike na nini?" Spès akajibu. "Nenda wewe. Zamu yangu itafika."

Spès alirudi jioni na ndoo nusu, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Akayaacha yatuame, akapika. Siméon alikishika kikombe chake cha maji mkononi, hakunywa.

"Siku tisa," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila jioni ulikuwa unakunywa."

Asubuhi akaenda mbugani na jembe. Msidhani kwamba alikuwa ameshakubali. Mtu aliyejenga jina kwa kitu kimoja halibomoi kwa sababu ya aibu ya siku moja. Alikwenda kutafuta ushahidi wa kumtoa kwenye kosa. Akapanda mpaka juu kabisa ya mbuga, kupita mahali mfereji unapoanzia, kwenye kipande kidogo ambacho hakuna aliyekigusa na moto ulikiruka. Majani pale yalikuwa bado na ubichi. Akachimba. Mkono ulipozama mpaka kwenye kiwiko, maji yakaanza kuingia shimoni. Kaa mdogo akatoka pembeni, akakimbia.

Akashuka hatua mia, kando ya mfereji, akachimba tena. Kiwiko: pakavu. Bega: pakavu. Akachimba mpaka akasimama ndani ya shimo mpaka kifuani, na udongo aliotoa ulikuwa majivu juu na vigae chini. Mvua iliyonyesha juu ya mashimo yale mawili ilikuwa moja. Jua lilikuwa moja. Akaketi ukingoni mwa shimo la pili, miguu ikining'inia ndani, akafikiri mpaka mchana.

Alichofikiri alikuja kukieleza mara nyingi, na kila mara alikieleza kama mkulima. Kwao Burundi, alisema, mwonga ni mtu mwenye kaka wengi. Ukimnyang'anya maji leo, milima inamletea mengine kesho. Huku mbuga haina ndugu. Inapata mvua ya miezi mitano au sita, na miezi mingine yote inaishi kwa kile ilichoweka. Na hifadhi yenyewe haikuwa udongo peke yake. Majani yaliufunika udongo usipigwe na jua. Udongo ukaweka maji. Maji yakaweka majani mabichi. Kaa na vyura walitoboa matundu, na mvua ikapitia humo kushuka. Majani yakioza yanarudi kuwa ule weusi wenyewe unaonyonya. Hakuna aliyetangulia na hakuna aliyefuata. Yeye aliondoa maji, na kila kimoja kikamwangusha mwenzake, mpaka moto ukapata njia na mke wake akapangwa wa mwisho. Baba yake hakumfundisha uongo. Alimfundisha ukweli wa mahali pengine.

Na hapo, anasema, ndipo alipojua kwamba anaishi Tanzania. Miaka ishirini na mitano alikuwa amelala huku na kuamka huku, lakini alikuwa hajafika.

Kuufunga mfereji kulimaanisha pia kuyafunga matuta ya Claude. Siméon alimfuata nyumbani kwake.

"Funga wako, kaka," Claude akasema. "Mimi wangu ni matawi tu."

"Matawi yako yanakunywa kwenye shina langu. Nikifunga mdomo, na wewe utafurika."

"Wewe ulinifundisha. Ulinionyesha hata pa kuanzia. Sasa watoto wangu wale nini kiangazi?"

Siméon alikuwa amelifikiria hilo njiani. "Chukua shamba langu la juu, lile la karibu na barabara. Lote."

Claude alimtazama kuona kama anatania. Lile lilikuwa shamba zuri kuliko yote aliyokuwa nayo Siméon, lile alilolifyeka na Spès mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Claude hakushukuru. Alikubali kwa kichwa, akaingia ndani, na kwa miezi mingi hawakusalimiana vizuri. Nadhani ni haki yake.

Siméon alianza kufukia kwa udongo uleule mweusi aliokuwa ameutoa. Alifanya kazi peke yake wiki nzima, akaziba mdomo wa mfereji kwa tuta refu kama kitanda cha watu watatu. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha mchana mmoja tu, na jioni tuta lilikuwa limepasuka katikati, maji yanapita kwa furaha kuelekea korongoni. Siméon akarudi nyumbani, tope mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye kigoda bila kunawa.

Spès alikuwa anakandika jiko lake. Akamtazama, akaendelea kukandika, kisha akasema bila kugeuka, "Mimi nikijenga jiko kwa udongo ule wa mbugani, linapasuka siku ya pili. Ukikauka unajikunja, ukilowa unavimba. Kila mwanamke anajua."

"Unatumia upi?"

"Wa kichuguu. Mchwa wameshautafuna na kuuloweka mate. Huo haupitishi maji."

Siméon aliutazama ule udongo mikononi mwa mke wake. Jiko lile lilikuwa limempikia chakula chake maisha yake yote ya ndoa, na hajawahi kuuliza limetokana na nini.

Kesho yake wakabomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, kikubwa kama kibanda. Siméon alivunja, Spès akabeba kwa ndoo. Siku ya pili, Spès aliporudi mbugani na mzigo wake wa nne, nyuma yake alikuwa Donatille na ndoo ya udongo kichwani. Akaimwaga mahali pa kumwaga, akamtazama Siméon aliyekuwa anashindilia kwa mchi.

"Unashindilia kama mtu anayetwanga dawa ya mtoto," akasema. "Tia nguvu."

Alikwenda kuleta nyingine. Siku ya tatu walikuwa wanawake saba. Yotham akaja na mashina ya matete na vipande vya mafunjo vyenye mizizi, aliyoyachimba kule juu kwenye kipande kisichoungua, wakayapanda juu ya ziba lote, yaani lile tuta la kuufunga mfereji, karibukaribu, maana udongo peke yake maji huuramba mpaka ukaisha; mizizi ndiyo inayoushika.

Kisha zikaja zile mvua ambazo kila mtu wa umri wangu anazikumbuka, mvua za Elnino. Zilianza na hazikujua kuacha. Barabara ya kwenda Mpanda mjini ilikatika, madaraja yakabebwa, chumvi ikawa kitu cha kuazimana. Siméon alikuwa kila asubuhi anajifunika mfuko wa mbolea kichwani na kwenda kusimama kwenye ziba. Alijua kwamba mfereji ukifunguka kwa mvua ile, hautabaki mfereji tena. Utakuwa korongo, utakula mbuga mpaka juu, na hakuna jembe la mwanadamu litakaloirudisha.

Mwezi wa kwanza maji yakafika juu ya ziba na kuanza kupita. Siméon alisimama akiyatazama, akiomba kwa Kirundi, sala fupifupi zisizokuwa na mpangilio. Maji yalipita juu ya matete, yakayalaza chini yote kuelekea upande mmoja, yakateleza juu yake. Udongo chini ya matete haukuondoka. Nyuma ya ziba, mbuga ilijaa polepole, ikafunika matuta, ikafunika lile shimo alilokaa ukingoni mwake, ikafunika shamba la maharage lililomfanya awe mkulima wa mfano. Alijisikia kama mtu anayezika. Pia alijisikia mwepesi, na hakuona aibu kusema yote mawili.

Hakuna aliyejua bado kama wamefanikiwa. Mvua za namna ile zinaweza kujaza hata shimo la panya. Mtihani wa mbuga ni mwezi wa kumi, nao ulikuwa mbali.

Kiangazi cha mwaka tisini na nane Siméon alilima kibarua kwenye shamba la Claude, lile lililokuwa lake. Bwana shamba alipita mara moja kuuliza habari za maharage, akaonyeshwa majani, akapanda pikipiki yake akaenda. Mwezi wa nane moto ulitoka ng'ambo kama kawaida, na watu wakasimama kuutazama ukifika kwenye majani mabichi. Ulifuka moshi, ukakohoa kidogo, ukafa. Siméon hakushangilia. Chemchemi ndiyo aliyokuwa anaingojea, lakini hakuwa na moyo wa kwenda kuitazama, na kumwuliza Spès hakuweza. Maji yalikuwa yanafika nyumbani. Hakujua yanafikaje, wala mke wake anapangwa wapi.

Katikati ya mwezi wa kumi alishindwa kuvumilia. Ilikuwa mchana uleule wa jua kali, saa ileile ya mwaka uliopita. Akashuka njia ya mkuyu. Alikuwa anataka kujua jambo moja tu: kama mke wake bado ni wa mwisho, au kama wamemsamehe wakamsogeza mbele.

Hakukuta foleni. Palikuwa na maji, ukingo hadi ukingo, meusi kwa kivuli cha majani, na Spès peke yake ameinama akizamisha ndoo. Nyamizi alikuwa anaondoka na yake, akamsalimia mzee, akapita. Hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Mtu alikuja, akachota, akaenda zake.

Siméon alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, na alikuwa amejiandaa kidogo kwa heshima pia. Hakuwa amejiandaa kukuta kwamba hakuna mtu anayemfikiria.

"Umekuja kufanya nini huku?" Spès akauliza.

"Kuona."

"Umeona?"

"Nimeona."

Spès akaweka ngata kichwani, akaisawazisha. "Basi usisimame tu. Nitwike."

Siméon akainama, akashika ndoo kwa mikono miwili na kuinyanyua. Ilipofika kifuani alilazimika kusimama, akavuta pumzi, akaongeza nguvu mpaka ikafika juu ya kichwa cha mke wake. Spès alinyoosha shingo, akaanza kupanda njia bila kumwaga tone. Siméon akabaki ameshika mikono yake mwenyewe. Miaka ishirini na mitano ya ndoa, na ndiyo kwanza alikuwa anajua ndoo ya maji ya nyumba yake ina uzito gani.